Sukuma ya Kumi

Wolverhampton, Uingereza
9 Machi 2025

Dada Rosebella,

Kama umesimama, kaa kwanza, maana barua hii si fupi. Mimi sijambo. Baridi imeanza kulegea lakini soksi mbili bado nazivaa. Wazee ninaowatunza kazini wako salama, isipokuwa yule bibi aliyekuwa akiimba. Ameaga wiki jana na kitanda chake kimeshapata mwingine. Masikio yako yanaendeleaje? Nilikupigia simu Krismasi ukawa unauliza "nani, nani" mpaka nikakata, ndiyo maana nimerudia kalamu kama zamani. Msalimie kaka yetu Nyongesa akishuka kutoka Kimilili, na huyo jirani yako Akumu anayekupelekea barua posta.

Sasa neno lenyewe. Mwisho wa mwaka huu naacha kazi. Sikufukuzwa, ni umri. Nitabaki na pensheni, na si kubwa. Na mwenye nyumba ninapopanga chumba anaiuza. Kanisa la hapa lina fleti ndogo za wazee, wameniwekea moja, lakini kufika mwisho wa Novemba lazima niseme nachukua au sichukui. Ukichukua unajifunga mwaka mzima. Nikichukua, pensheni itaingia kwa mlango huu itoke kwa ule, kwa kodi na umeme na joto. Huku joto linanunuliwa, dada. Kuna mita ukutani, ukiiona inavyokimbia unazima unavaa sweta.

Nisipochukua, narudi Eldoret. Lakini sitaki kurudi kuwa mzigo wa mtu. Kwa hivyo niandikie bei. Mtu mmoja, mwezi mmoja, maisha ya kawaida: unga, maziwa, mboga, gesi, boda ya kwenda mjini, daktari. Na kodi ya chumba kimoja safi chenye maji karibu. Kodi usiisahau.

Usinionee huruma katika hesabu. Andika kama ilivyo.

Mdogo wako,
Emmaculate

*

Langas, Eldoret
14 Aprili 2025

Ema mdogo wangu,

Nimeisoma nikiwa nimekaa kama ulivyoamuru. Pole kwa bibi wa nyimbo. Mimi nipo. Mvua imeanza, mabati yanapigwa usiku kucha, na faida ya masikio haya ni kwamba mimi nalala tu. Nyongesa alikuja na mkungu wa ndizi, akanywa chai amesimama, akakimbilia gari. Akumu anakusalimia sana. Anasema ukija umletee kikaango kizito cha chapati, vya hapa vinaunguza, na wateja wake wameanza kunung'unika.

Bei unazotaka hizi hapa, na usiende kuuliza mtu mwingine, kwa sababu mimi nimekaa mji huu tangu marehemu mume wangu alipoandikwa kiwandani. Unga wa pakiti ni shilingi mia na kumi. Maziwa ya pakiti hamsini. Mboga, sukuma ya kumi wanakula watu wawili na kiporo kinabaki. Nyanya, ukienda kwa yule mama wa kona ya kinu cha kusaga, nne kwa ishirini, na ukimwongelesha vizuri anakutupia ya tano. Boda mpaka mjini hamsini. Gesi ya mtungi mkubwa elfu mbili, na wewe utakaa nao miezi mitatu kwa sababu hujawahi kupika kitu cha maana.

Daktari, usiugue.

Unaona sasa. Kwa pensheni yako hapa utakuwa tajiri. Utatembea na mkoba kwapani kama mke wa mheshimiwa, sisi tukikusimamia mlangoni na shida zetu. Lakini fanya unavyoona, wewe ni mtu mzima.

Mimi niko sawa. Miguu iko sawa, kila kitu kiko sawa.

Dada yako,
Rosebella

*

Wolverhampton
30 Mei 2025

Dada Rosebella,

Asante kwa salamu na kwa matusi, yote yamefika. Huku jua linabaki mpaka saa tatu za usiku na sijui nilifanyie nini. Nafunga pazia nalala likiwa bado nje.

Nilikaa na bei zako Jumapili nzima. Dada, nilicheka peke yangu chumbani. Nilikuwa nimeogopa bure. Kwa bei hizo nakula, napanda boda mara mbili kwa wiki, natoa sadaka, na bado nabaki na ya kumnunulia Akumu kikaango. Unajua sukuma huku inauzwa imekatwakatwa na mashine, na mashina yake ndani, kwenye mfuko unaopulizwa kama mpira? Nikitaka ugali nanunua unga duka la Wahindi, pakiti ndogo, napika mara moja kwa wiki. Napika wa mtu mmoja na bado unabaki. Mikono yangu haijui kupima ugali wa mtu mmoja mpaka leo.

Hukuandika kodi. Nimegeuza karatasi pande zote. Niandikie, tafadhali, ndiyo hesabu kubwa. Na soko je, bado liko pale pale?

Tumepata muuguzi mpya kazini, msichana anaitwa Jemutai, wa Kaptagat. Alikuwa amepanga hapo Langas miaka yote ya chuo, ametoka huko juzi tu. Siku ya kwanza nilimsikia akijisemea "ngai, hii baridi" kwenye ngazi, nikasimama hapo na ndoo yangu nikashindwa kusonga. Nitamwonyesha bei zako.

Emmaculate

*

Langas
8 Julai 2025

Ema,

Baridi ya Julai imetukamata na sisi, kwa hivyo usijivune na yako. Mahindi ya Nyongesa yamesimama vizuri. Mchungaji alikuja kunisalimu nyumbani na wamama watatu, wakaimba karibu na sikio langu la kulia, wakaniachia sukari.

Umeniuliza soko. Soko liko pale pale. Ukitoka kwa geti yetu unashuka na ile njia ya matope, unampita fundi wa viatu, kwenye kinu cha kusaga unakutana na yule mama wa nyanya na mwavuli wake mwekundu, halafu wauza dagaa wa omena, halafu mitumba. Asubuhi ndiyo saa nzuri, mboga ikiwa bado na umande. Watu wanaitana majina. Huwezi kutoka pale bila kusimamishwa mara kumi, unarudi nyumbani chai imepoa na habari zote unazo. Hakuna mtu anayekaa kimya siku nzima hapa. Hilo nalo weka kwenye hesabu yako, kama lina bei.

Mengine ni yale yale niliyokuandikia. Huyo Jemutai mwambie watu wa Langas tunamsalimia.

Rosebella

*

Wolverhampton
17 Agosti 2025

Rosebella,

Natumaini mko wazima.

Nilimsomea Jemutai bei zako wakati wa chai. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Sukuma ya kumi, auntie? Hiyo hata sungura hashibi. Siku hizi ukimpa mtu kumi anakuangalia tu." Boda ni mia. Unga, maziwa, gesi, kila kitu kimepanda, akaniambia moja moja, nami nikaandika juu ya barua yako. Halafu nikamuuliza mama wa nyanya wa kona ya kinu. Akaniambia hakuna kinu, auntie. Kilibomolewa barabara ilipopanuliwa, na wauzaji wote waliondolewa, yeye hata hakuwahi kuwaona.

Nimefikiria sana kwa nini ungenifanyia hivi. Ninaloweza kufikiria ni moja, kwamba unanivuta nije, nikifika nikwame, niwe mikononi mwako kama zamani ulipokuwa ukinichagulia hata viatu. Ningeuza kila kitu, dada. Ningefika hapo na pensheni isiyotosha na sina pa kurudi.

Na kodi umekataa kuniambia mara mbili. Sasa naelewa kwa nini. Pengine ndiyo ingeniamsha.

Nilikuomba kitu kimoja, uniandikie kama ilivyo.

Emmaculate

*

Wolverhampton
12 Oktoba 2025

Dada yangu,

Sijapata neno kutoka kwako tangu ile barua yangu ya Agosti. Kila nikitoka kazini naangalia chini ya mlango. Najua niliandika kwa hasira. Ningeirudisha kama posta ingekubali.

Nilikupigia simu juzi. Iliita ikakatika. Nikapiga tena, ukashika, nikasikia redio na mtu anakohoa, ukasema "haloo, sikusikii, andika," ukakata. Sauti yako imekuwa nyembamba. Au ni simu.

Mnunuzi wa nyumba amekuja kupima vyumba na mita yake. Alipima changu nikiwa nimekaa kitandani. Jemutai amehamishiwa mji mwingine, kwa hivyo Kiswahili changu sasa nakiongea na sufuria.

Mwisho wa Novemba unakuja. Nikikosa kusikia kutoka kwako, nitachukua ile fleti. Si kwa hasira. Ni kwamba lazima nilale mahali.

Niandikie hata kama ni ya kunigombeza.

Ema

*

Langas
9 Novemba 2025

Ema mdogo wangu,

Barua zako mbili ninazo. Ile ya Agosti ilifika Septemba, nikaisoma, nikaiweka chini ya mto, na nikaapa sitakujibu mpaka kufa. Mimi niitwe mwongo na mtoto niliyembeba mgongoni. Nilikasirika hata na chai.

Sasa ngoja nikwambie, na usinikatize.

Nilimwita Akumu. Nikampa kumi kama kawaida nikamwambia, niletee sukuma, na leo nataka kwenda na wewe. Akashika kikapu akakiweka chini. Nikamwambia, kwani imekuwa ngapi? Akaangalia mlango. Nikamwambia Akumu, mimi ni kiziwi, sijawa mjinga. Ndipo akakaa chini. Sukuma, Ema, haitoki sokoni. Inatoka kwa gunia lake la udongo, alilopanda mboga nyuma ya choo. Kumi yangu anaipokea ili nisione kama ananipa. Maziwa anajazia yeye, unga anajazia yeye, kwa pesa ya chapati. Anasema zamani alikuwa akiniambia bei imepanda, na mimi nikawa nasema basi leo sili, sina njaa. Kwa hivyo akaacha kuniambia. Miaka hii yote nimekaa hapa nikijisifu kwamba najua kununua.

Nimemlilia huyo mwanamke mpaka akachoka kunibembeleza.

Utauliza kwa nini sikuona mwenyewe. Hiyo ndiyo sikutaka kukuandikia. Ule mwaka wa korona, tukiwa tumefungiwa, nilianguka bafuni. Nyonga. Walipofungulia watu watoke, mimi nikabaki ndani. Natembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka kwa kiti. Choo ni karai, nikwambie ukweli wote. Getini sijafika tangu siku ile. Nyongesa nilimkataza asikwambie, nikamtishia na laana. Lile soko nililokuandikia ndilo nililoliacha. Mimi sikujua kinu kimebomolewa. Kwangu bado kinasaga, na yule mama bado ana mwavuli. Uliponiuliza nilifurahi, nikaenda sokoni na kalamu.

Sikukwambia kwa sababu ungetuma pesa. Wewe ukiumwa na moyo unatuma pesa. Nilitaka uje, lakini uje kwa sababu umetaka, si kuja kunifuta kama mtoto.

Sasa kodi. Kodi sikukuandikia kwa sababu haipo. Hapa kuna kile chumba cha pili, ng'ambo ya ua, alichojenga mzee wangu tupangishe, na sikuwahi kupangisha. Kila uliponiuliza kodi ya chumba kimoja nilishika kalamu nikashindwa. Ningeandika nini? Nikuandikie bei ya kukaa mbali na mimi katika mji wangu? Na kukuomba ukae hapa nilishindwa pia. Niliona utasema nakuchagulia tena viatu.

Bei za kweli Akumu ameniambia zote jana, mimi nikiandika na yeye akinipigia kelele kwenye sikio. Ziko nyuma ya karatasi hii. Ni mbaya. Mtu mmoja wa kulipa kodi, kwa pensheni uliyosema si kubwa, atasumbuka. Mtu asiyelipa kodi atakula. Watu wawili watakula pia, wakila pamoja.

Tazama mwenyewe uamue. Akumu anakimbiza hii posta leo.

Dada yako,
Rosebella

*

Wolverhampton
7 Desemba 2025

Dada yangu Rosebella,

Barua yako ilifika jana. Nilisaini ile fleti wiki iliyotangulia.

Nimeandika mstari huo nikaenda kunawa uso, sasa nimerudi. Bahasha ilikuwa imelowa na ina mihuri miwili, sijui ilizungukia wapi. Nilikuwa nimeisubiri mpaka siku ya mwisho, mpaka saa ya mwisho ya ofisi. Mama wa ofisi aliniuliza kama nimefikiria vizuri, nikamwambia sina wa kumngoja. Ndivyo nilivyomwambia, dada. Wewe ukiwa umeshaandika.

Leo nimerudi kumwuliza kama naweza kuivunja. Ni mtu mpole. Amesema naweza kuondoka nikitaka, lakini kodi ya mwaka nitailipa yote, na hiyo ndiyo nauli yangu na kila nilichoweka. Kwa hivyo ni mwaka. Desemba ijayo.

Nimehama tayari. Fleti ni safi. Ina kitanda, kiti, na dirisha kubwa linalotazama maegesho ya magari. Mtu aliyekuwa humu aliondoka na pazia lake. Ukuta ni mwembamba, jirani akizima taa nasikia, lakini hatujaongea. Jana nilipika ugali ukabaki, nikaufunika na sahani kama kuna mtu amechelewa.

Umekaa miaka mitano ndani ya nyumba na mimi nakuuliza bei ya nyanya. Nalia ninapoandika hivi, kwa hivyo wino ukienda vibaya usinicheke. Sikukuuliza hata mara moja ulikuwa ukienda sokoni na nani.

Hela kidogo nitatuma, usipige kelele. Si zako, ni za Akumu, na za magongo mawili ya kutembelea. Bei zako za kweli nimezibandika mlangoni. Chumba cha pili usikipangishe.

Na uniambie dirisha lake lina ukubwa gani. Kuna duka hapa la vitambaa linafunga, vitu vimeshuka. Nataka ninunue pazia la huko sasa, nilishone mwenyewe. Dirisha la huku litakaa hivyo hivyo. Mwambie Akumu anipimie.

Mdogo wako,
Ema

*

Langas
11 Januari 2026

Ema,

Barua yako hii imefika haraka, sijui posta wameona haya.

Siku ya kwanza, Akumu aliniletea chapati nikaikataa. Siku ya pili nikaila. Mwaka si mwingi kwa watu wachanga, kwetu sisi ni mwingi, hilo tusidanganyane. Lakini nimekataa kufa, na unajua nikikataa jambo.

Magongo yamefika. Yananikwaruza kwapani, na yule fundi wa viatu, ambaye kumbe yeye bado yupo, ameyafunga sponji.

Ulisema Akumu akupimie dirisha. Kwani mimi nimekuwa nani? Nilimwambia asinishike, atembee tu nyuma yangu. Tulianza baada ya chai. Ua ule, Ema, ni mdogo, kuku anauvuka akifikiria mambo mengine. Mimi niliuvuka nikapumzika mara tatu, jua likanipiga usoni nikasimama tu kwanza. Kufuli ilikuwa na kutu, Akumu akaigonga na jiwe. Ndani kuna vumbi na kiti cha mzee wangu, na dirisha liko zima. Ukisimama hapo unaona lile gunia la sukuma. Ni kubwa. Sikujua ni kubwa hivyo.

Mita ya kupimia hatuna. Nimepima na uzi. Nyuzi ziko mbili ndani ya bahasha, ule mweupe ni upana, mwekundu ni urefu. Uzishike kwenye dirisha lako la huko kabla ya kukata kitambaa, ili ujue tofauti. Ongeza kidogo pande zote, kitambaa husinyaa kikifuliwa. Usizitupe, ni za Akumu.

Mlango wa kile chumba sikuufunga tena. Upepo unapita. Getini bado, nitakwambia.

Akumu amesoma akichungulia begani mwangu, na anasema mpaka ufike Desemba sukuma itakuwa ya thelathini. Nimemwambia sijamuuliza.

Dada yako,
Rosebella